Dala ya Ingerid

Msomaji mmoja wa Grimstad ameniandikia kwamba mtu kama mimi, aliyempuuza daktari, akamficha mkewe ugonjwa wa jicho lake, akawaficha na wateja wake, hastahili kuhurumiwa. Barua yake nimesomewa mara mbili. Sina ugomvi naye. Ila alikuwa bado hajalisikia la wiki hii.

Kwa anayeanza leo: mimi ni Eilert Skaare. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mthamini wa sarafu za kale hapa Arendal. Watu waliniletea fedha za mababu zao, nami nikabana kioo cha kukuzia jichoni, nikasema hii ni ya mfalme fulani na bei yake ni hii, au hii ni takataka. Neno langu lilifika Bergen bila kupingwa. Halafu, majira ya baridi ya mwaka sabini na tisa, jicho langu la kulia likaanza kuingia ukungu. Hilo ndilo lilikuwa jicho la kazi. La kushoto ni goigoi tangu utotoni. Daktari akanishauri nifunge duka. Nikamshukuru, nikavaa kofia yangu, nikarudi dukani nikafungua mlango kama kawaida.

Nilikomea hapo wiki iliyopita.

Walioingia kwenye mlango huo walikuwa wawili, kaka na dada, Jumanne asubuhi katika mwezi wa pili, theluji ingali mabegani mwao.

Kaka aliitwa Tarjei Haugland, mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu hata akalazimika kuinama mlangoni. Dada yake Ingerid alimzidi miaka mitano. Alikuwa mwembamba, amekumbatia mkoba wake kama aliyebeba mayai.

Baba yao alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Kwetu shamba halikatwi vipande, hulichukua mtoto mmoja, na mzee alikuwa amelitoa kwa mwanawe kama alivyopewa yeye na baba yake. Basi Tarjei alipata shamba, msitu na ufuko wa ziwa. Ingerid, aliyemgeuza mzee kitandani kwa miaka kumi na moja, akamwosha na kumlisha kwa kijiko, alipata kitu kimoja tu, dala, sarafu ya kale ya fedha iliyofungiwa kwenye kasha la mzee. Mzee alisema mbele ya mchungaji kwamba shamba ni la Tarjei na dala ni ya Ingerid, na kwamba dala hiyo inatosha kununua nyumba.

Nyumba yenyewe Ingerid alikwisha kuiona. Aliniambia huku akifungua fundo la leso. Chumba kimoja, jiko, na dirisha linalotazama bandari. Alikuwa amemwomba mwenye nyumba amsubiri hadi Ijumaa.

"Mpe bei nzuri, Bwana Skaare," Tarjei akasema. "Nikirudi naye nyumbani hana nyumba, atanilisha uji wa maziwa ya mgando mpaka kufa."

"Na mimi nikiondoka utakula nini, mzee mzima? Yai tu hujui kulichemsha."

"Ndiyo maana nataka uondoke. Nijifunze."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa watu wa kupatana, hilo lilionekana hata kwa jicho langu.

Nikaitwaa sarafu. Ilikuwa dala ya maradufu ya zama za wafalme wa Denmark, kubwa, yenye kujaza kiganja. Upande mmoja mfalme mwenye nywele ndefu, upande wa pili simba wa nembo ya nchi yetu ameshika shoka. Mkono wangu ulisema ndiyo. Uzito ulikaa pale unapotakiwa kukaa. Kwenye mizani ilipungua gramu moja hivi, na hilo si ajabu, maana fedha ikishikwashikwa kwa miaka mia tatu lazima ilike.

Kisha nikabana kioo jichoni.

Nikaona vitundu. Vidogo, vyeusi, vimesambaa shingoni mwa mfalme na kwenye uwanja unaomzunguka. Sasa, sarafu ya kweli hugongwa kwa chuma, na uwanja wake huwa laini kama barafu. Ile ya kughushi humiminwa katika kalibu, na fedha ikipoa, viputo vya hewa huacha vitundu. Ni alama ya kwanza anayofundishwa mwanagenzi.

Ningepaswa kuigonga sarafu ile kwenye jiwe nisikilize mlio wake. Ningepaswa kuuchunguza ukingo wake. Ningeweza kuwaambia waniachie siku mbili. Sikufanya hata moja. Mtu anayeficha udhaifu wake hukosa subira. Hutaka kuonekana mwepesi wa kuamua.

"Ni bandia," nikasema.

Ingerid akanitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Akauliza kama yawezekana baba yake alidanganywa, au babu yake. Hapo ningeweza kusema sijui. Neno dogo kabisa, sijui, na leo Tarjei angekuwa anakata kuni zake.

Badala yake nikaongeza chumvi. Nikasema hii haina hata uchafu wa uzee kwenye maandishi yake, inang'aa, vitundu vyake vingali vikali. Nikasema haijapita hata mwaka tangu imiminwe.

Tarjei akataka kujua mtu huitengenezaje. Swali la mtu asiye na hatia. Nikamweleza kwa raha zangu, kidole juu kama mwalimu.

"Lazima uwe na ile halisi mkononi. Unaigandamiza kwenye udongo laini, inaacha sura yake, kisha unamimina fedha. Bila ile halisi huwezi."

Ingerid akamgeukia kaka yake.

"Ufunguo wa kasha ulikuwa kwako," akasema.

"Ingerid."

"Tangu siku ya mazishi. Ulikuwa kwako."

Tarjei akanyoosha mkono amshike bega. Dada mtu akaurudisha nyuma mwili wake, akaiokota sarafu, akatoka. Leso yake aliiacha juu ya meza.

Tarjei akabaki amesimama katikati ya duka, mikono imening'inia. Akaniuliza kama nina hakika. Kisha akaniuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama nina hakika kabisa.

"Sijawahi kukosea," nikamjibu.

Ada alilipa yeye. Kroner hamsini, za kuambiwa kwamba yeye ni mwizi. Nikampa na risiti.

Habari zao baada ya hapo nilizipata kwa Osmund. Huyo alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kila Alhamisi alishuka kutoka bonde la akina Tarjei akapita dukani kwangu kutafuta sarafu za bei rahisi, na kahawa ya bure. Alijua kila kilichopikwa katika kila jiko tokea shamba la Haugland hadi mtoni.

Alhamisi ya kwanza akanieleza kuwa Ingerid amehama nyumbani, anaishi kwa shangazi yake karibu na kanisa. Alhamisi ya pili, kwamba amemwambia mchungaji, na mchungaji amekwenda kuzungumza na Tarjei, na Tarjei ameapa kwa jina la baba yake. Alhamisi ya tatu akaniambia hakuna anayeamini kiapo hicho, maana Skaare wa Arendal ndiye aliyesema.

Kule bondeni hakuna atakayekutukana. Wanaacha tu kukuona. Benchi la Tarjei kanisani likabaki na mtu mmoja. Jirani aliyekuwa akimwazima farasi akasema farasi anachechemea. Rafiki aliyekata naye magogo kwa miaka ishirini akapata mwenzi mwingine wa msumeno, bila kumuaga.

"Kumwibia dada aliyemwosha baba yenu," Osmund alisema, akikoroga sukari. "Maziwa yake nayabeba, kwa kuwa ng'ombe hawana kosa. Lakini salamu yangu haipati."

Nami nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu mwema.

Ijumaa moja, mwezi wa tatu ukielekea mwisho, Tarjei mwenyewe akaja. Alikuwa amepungua. Koti lilimpwaya, na ndevu za siku nne zilikuwa zimempa sura ya mgonjwa. Hakukaa. Aliniomba niitazame tena ile sarafu. Nikamwambia ailete.

"Hanipi," akasema. "Hanipi hata chumvi."

Akaniomba basi niandike barua, mistari miwili tu, kwamba mthamini naye ni binadamu na huenda alikosea. Angeipeleka kwa mchungaji. Nikamwambia sina desturi ya kuandika mambo kama hayo, duka lingekuwa kichekesho. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyelitarajia jibu lenyewe. Mlangoni alisahau kuinama, akajigonga paji la uso, akatoka bila kulishika.

Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumapili asubuhi mke wangu, Borghild, alichemsha mayai. Nililimenya langu, nikaona pilipili manga imenyunyizwa juu yake. Sipendi pilipili asubuhi. Nikachukua kisu, nikaanza kuikwangua.

"Unakwangua nini?" Borghild akaniuliza.

"Pilipili uliyoweka."

Akasema hajaweka kitu.

Nikalitazama yai tena. Vidoa vyeusi, vidogo, vimesambaa. Nikaliweka yai kwenye sahani na kuinua macho kwenye mlango wa jiko, ambao ni mweupe. Vidoa vilikuwa mlangoni. Nikafumba jicho la kulia. Havikuwapo. Nikalifumbua, vikarudi, mahali palepale, kwa mpangilio uleule, kama vilivyokuwa shingoni mwa mfalme.

Nikasema nimeshikwa na mafua, nikaenda kulala mchana kutwa na uso wangu ukielekea ukutani. Ukuta nao ulikuwa na vitundu.

Naomba mnielewe vizuri hapa, maana haya ndiyo niliyoketi kuyasema. Siku ile nilijua. Sikushuku. Nilijua.

Namba ya Haugland ilikuwa kwenye daftari la wateja. Jioni ile nilikaa karibu na simu mpaka Borghild akauliza kama nangoja mtu. Nikajiambia nitapiga kesho.

Jumatatu nilikuwa na miadi na mjane wa mwenye meli, aliyetaka nithamini mkusanyiko mzima wa mumewe, kazi ya kulisha duka mwaka mzima. Nikajiambia nikishamalizana naye. Nikaenda, nikakaa kwenye kiti chake cha mahameli, nikathamini sarafu mia mbili na arobaini kwa vidole na kwa kubahatisha, nikanywa mvinyo wake.

Jumanne nikapiga.

Simu ililia muda mrefu. Halafu ikapokewa haraka, na mtu aliyekuja mbio.

"Haugland," akasema.

Nilifungua mdomo. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Bwana Haugland, nilikosea, sarafu ya dada yako huenda ni ya kweli, mwambieni ailete. Yalikuwa pale, yamejipanga. Nilisikia pumzi yake upande wa pili.

"Ingerid?" akauliza. "Ni wewe, dada yangu?"

Nikaiweka simu chini.

Jumatano Tarjei alitoka na trekta, akiwa na mnyororo wa magogo, akakatiza juu ya ziwa lililoganda. Siku tano zilikuwa zimepita tangu mtu yeyote athubutu kukanyaga barafu ile. Ilikuwa imeshakuwa ya kijivu, na karibu na ufuko maji yalionekana juu yake. Tarjei alizaliwa kando ya ziwa hilo. Alilijua kuliko kiganja chake. Wengine walisema alikuwa na haraka, kwa kuwa hana tena wa kumsaidia kuzunguka kwa barabara. Wengine hawakusema kitu.

Walimtoa majini siku ya tatu.

Alhamisi iliyofuata Osmund aliingia dukani akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakutaka kahawa. Akanieleza mazishi. Nilituma shada, sikwenda. Ingerid naye hakwenda. Alikaa kwenye jiko la shangazi yake, pazia akalifungua wazi, akalitazama jeneza likipita barabarani mbele ya dirisha, na hakuinuka kitini. Waliompita waliinamisha vichwa. Waliona dada aliyedhulumiwa, wakamheshimu kwa ukali wake.

"Na ile dala halisi imepatikana?" nikamuuliza Osmund. Mungu anajua kwa nini niliuliza.

"Atakuwa aliiuza," akajibu. "Au iko naye chini ya ziwa."

Ukaja mwezi wa tano. Barafu ikaisha, bandari ikajaa boti, na mimi nikazoea. Ndiyo, nikazoea. Nilikuwa nimeanza kuyapeleka mawazo yangu pengine kila jina lile lilipokuja, kama mtu anayevuka barabara ili asikutane na anayemjua.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku yenye jua, Ingerid Haugland alipoingia.

Nilimtambua kwa hatua kabla ya uso. Alivaa nguo nyeusi. Hakutaka kiti. Akaanza kueleza bila salamu, kwa sauti tambarare.

Alikuwa amerudi kuishi shambani, maana sasa shamba lilikuwa lake. Wiki mbili alitafuta ile dala halisi. Alipekua dari, zizi, ghala la nyasi. Aliinua mbao za sakafu katika chumba cha kaka yake. Alitafuta barua, stakabadhi ya benki, chochote. Alichopata ni orodha katika mwandiko wa Tarjei: yai laini dakika nne, yai gumu dakika tisa, usisahau chumvi ya viazi.

Basi akaichukua sarafu ile bandia akapanda treni hadi Oslo. Alitaka aoneshwe ni fundi gani angeweza kuifanya, ili amfuate, amuulize kaka yake alimlipa nini. Akaingia mahali wanapohifadhi sarafu za kale na kuomba kuonana na mjuzi wao.

"Mama mmoja akaitazama," alisema. "Akaigonga. Akaipima. Akamwita mwenzake. Akanigombeza kwa kuisugua."

"Kuisugua?"

"Niliisugua kwa majivu, siku moja kabla ya kuja kwako. Nilitaka iwe safi. Akasema nimeiharibia sehemu ya bei, mtu hasugui kitu kama kile."

Akaweka karatasi juu ya meza, na juu ya karatasi akaiweka dala.

"Akasema ni ya kweli, Bwana Skaare. Wameniandikia. Haina tundu hata moja."

Kila mtu huwa na kiasi chake cha ubaya, na mara nyingi haambiwi mapema ni kiasi gani. Mimi nilikiona changu asubuhi ile. Niliichukua sarafu. Mkono wangu uliitambua papo hapo, kama unavyoutambua mkono wa mtu gizani. Nikabana kioo, nikainamisha kichwa, nikakaa hivyo kitambo, nikitazama ukungu na vidoa vyangu mwenyewe.

"Wamesema kweli," nikasema. "Hii ni halisi. Lakini hii siyo uliyoniletea."

Hakusogea.

"Ile niliiona kwa macho yangu," nikaendelea. "Ilikuwa ya kumiminwa. Hii nyingine."

Nililisema kwa upole, kama daktari. Nililitupa juu ya mtu aliyekufa, asiyeweza kuniuliza tena kama nina hakika.

Nilimwona akifikiri. Midomo yake ilicheza. Sarafu ya kwanza, akasema polepole, aliiweka kwenye droo ya jikoni kwa shangazi yake. Droo haina kufuli. Tarjei alifika pale mara mbili, akakaa jikoni, yeye Ingerid akakataa kushuka kutoka ghorofani kuonana naye. Alikaa peke yake. Muda mrefu, mara ya pili.

"Basi aliirudisha," akasema.

Nikakitoa kioo jichoni.

"Aliiba, halafu akairudisha. Alibadilisha bila kuniambia." Akashika ukingo wa meza. "Alitubu, Bwana Skaare. Alitubu kabla ya kwenda ziwani."

Na hapo, mara ya kwanza tangu kaka yake afe, kwa nilivyosikia, Ingerid alilia. Alilia amesimama, bila kujifunika uso. Alisema angeshuka zile ngazi. Alisema kama angejua ameirudisha angeshuka, angemwambia yameisha, njoo nikupikie. Nikatambua kwamba uongo wangu ulikuwa unamfariji. Ulimpa kaka wa kumsamehe. Nikajiambia, basi, Eilert, umemfanyia wema.

Nyuma yangu pazia linalotenga duka na nyumba yetu likavutwa.

Borghild hakuwa na desturi ya kuingia dukani mteja akiwapo. Alikuja akasimama kando yangu, aproni imelowa, mikono yake inanuka sabuni. Hakunitazama. Alimtazama Ingerid.

"Kaka yako hakurudisha kitu," akasema. "Hakuchukua kitu. Sarafu ni ileile."

"Borghild," nikasema.

"Mume wangu haoni. Jicho lake la kazi limeharibika tangu Krismasi. Anamimina kahawa kwenye kisahani. Anakwangua mayai yasiyo na kitu. Mimi nimekuwa nikinyamaza, nikingoja aseme mwenyewe."

Niliwahi kudhani kwamba siku siri yangu itakapofichuka nitapiga kelele, au nitaanguka. Sikufanya lolote. Nilikaa na kioo mkononi.

Ingerid alijipangusa uso kwa kiganja, mashavu yote mawili, kama mtoto. Machozi yalikuwa yamekatika mara moja. Nilimwona akirudi nyuma hatua kwa hatua katika mambo yote: droo, ngazi, pazia la shangazi, benchi la kanisani, akimtoa kaka yake wizi kila mahali alipokuwa amemwekea. Ilimchukua muda. Alipofika mwisho, uso wake ulikuwa umebaki mifupa.

"Kwa hiyo Tarjei hakufanya kitu," akasema.

"Hakufanya," Borghild akajibu.

"Ni mimi niliyemwambia kila mtu."

Borghild akanyoosha mkono juu ya meza amshike. Ingerid hakuushika wala hakuusukuma. Alikuwa ananitazama mimi. Jua la dirishani lilimpiga uso, na vile vidoa vyangu vilikuwa juu yake, kwenye paji la uso na shingoni, kila nilipojaribu kumtazama vizuri.

"Bwana Skaare," akasema. Sauti ilikuwa ya adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. "Nina swali moja tu. Ulijua lini kwamba ulikosea? Kabla hajaenda ziwani, au baada?"

Borghild naye akanigeukia. Hilo hata yeye hakulijua.

Nilisikia boti ya abiria ikipiga honi bandarini. Nilisikia saa ya ukutani. Baada, lilikuwa neno jepesi, na hapakuwa na mtu duniani wa kulipinga. Aliyepokea simu Jumanne ile alikuwa amezikwa, na hata yeye alidhani ni dada yake.

"Nijibu," Ingerid akasema.

Nikafungua mdomo. Nakomea hapo wiki hii.